Vijiwimbi vya Ukingoni na Imani Potofu ya Kuongeza Vijenzi

Katika mafundisho ya uhandisi wa mawasiliano, katika miongozo ya programu za kuchakata picha na hata katika madarasa ya hisabati ya vyuo vikuu, ipo rai iliyozoeleka kiasi kwamba ni nadra kusikia mtu akiieleza kwa ukamilifu ili ipate kujibiwa. Rai hiyo inahusu vijiwimbi vinavyojitokeza kandokando ya kila ukingo mkali pale ambapo ishara, yaani sauti, picha au kipimo chochote kinachobadilika, inajengwa upya kwa kujumlisha mawimbi rahisi kwa njia ya Joseph Fourier. Inadai kwamba vijiwimbi hivyo ni upungufu wa hesabu tu: vimetokea kwa sababu mawimbi yaliyojumlishwa ni machache, na vitatoweka kadiri mashine zinavyopata uwezo wa kujumlisha mengi zaidi. Makala hii inaipinga rai hiyo kwa sababu ni potofu kihisabati, na pia kwa sababu wanaoifuata hufanya maamuzi ambayo gharama yake huwaangukia watu wasiojua kwamba uamuzi wowote ulifanyika.

Haki inadai rai hiyo ielezwe kwanza kwa nguvu zake zote. Mwaka 1807 Fourier aliwasilisha mjini Paris madai kwamba mchoro wowote unaojirudia waweza kuandikwa kama jumla ya mawimbi laini, kila moja likiwa na masafa yake na kimo chake, na mwaka 1822 alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya nadharia ya joto kilichojengwa juu ya wazo hilo. Mwaka 1829 Dirichlet alithibitisha kwamba, kwa michoro ya aina nyingi inayotumika katika kazi, jumla hiyo hukaribia thamani ya kweli katika kila nukta ambako mchoro haukukatika, na katika nukta ya mruko, yaani pale mchoro unapohama ghafla kutoka thamani moja kwenda nyingine, hukaribia wastani wa pande mbili. Juu ya uthibitisho huo huongezwa hoja ya nguvu: ukipima wastani wa mraba wa kosa katika mzunguko mzima, wastani huo hushuka kuelekea sifuri bila kikomo. Mwisho huja hoja ya fundi, asemaye kwamba hata vijiwimbi vikibaki, zipo njia za kulainisha zinazovifuta. Mtu akizisikia hoja hizi tatu kwa pamoja hana budi kuona kwamba jambo limekwisha, na kila moja peke yake ina ukweli ndani yake. Upotofu umo katika kile zinachotumiwa kukificha.

1. Vijenzi vikiongezwa, kimo hakishuki

Tuchukue ishara iliyo rahisi kuliko zote zenye mruko, ile iitwayo wimbi la mraba, ambayo hukaa katika thamani 1 kwa nusu ya mzunguko kisha hushuka ghafla hadi hasi 1 kwa nusu iliyobaki. Vijenzi vyake, yaani mawimbi laini yanayoijenga, vina masafa ya namba witiri pekee: 1, 3, 5, 7 na kuendelea, na kimo cha kila kijenzi hupungua kulingana na masafa yake. Kijenzi cha kwanza peke yake kina kilele cha 1.273. Vikiwa viwili kilele hushuka hadi 1.200, vikiwa vitatu 1.188, vikiwa vinne 1.184. Mtu akiishia hapo ataamini kwamba mwendo huo unaelekea kwenye 1, na huo ndio mtego wenyewe, kwa kuwa mwendo huo unaelekea kwenye 1.179 na hauvuki hapo hata vijenzi vikifika milioni. Tofauti kati ya 1.179 na 1 ni takriban asilimia 8.95 ya urefu wa mruko wote, ambao katika wimbi hili ni 2. Asilimia hiyo haitegemei ishara iliyochaguliwa: kila mruko, mkubwa au mdogo, ukijengwa kwa vijenzi vilivyokatwa ghafla mahali fulani, hupitilizwa kwa kiwango hicho hicho, juu upande mmoja na chini upande wa pili.

Kinachobadilika ni mahali. Kilele cha kwanza husogea karibu na ukingo kadiri vijenzi vinavyoongezeka, na vijiwimbi vyote vinavyokifuata husongamana pamoja nacho. Kwa sababu hiyo uthibitisho wa Dirichlet unabaki kuwa kweli tupu: ukichagua nukta moja na kuikazia macho, kilele hatimaye kitapita na kuiacha nyuma, na thamani ya nukta hiyo itatulia. Lakini ukiuangalia mchoro mzima, daima kuna nukta nyingine, iliyo karibu zaidi na ukingo, ambako kosa ni lile lile la mwanzo. Wanahisabati hutenganisha mambo haya mawili kwa makini. Ukaribiaji wa nukta moja moja ni jambo moja, na ukaribiaji sare, ambao unadai kosa kubwa kuliko yote katika mchoro lishuke hadi sifuri, ni jambo jingine lisilopatikana kamwe kwa mchoro wenye mruko. Rai inayopingwa hapa huahidi ukaribiaji sare huku ikionyesha cheti cha ukaribiaji wa nukta moja moja.

2. Mashine haikuwa na hatia

Rai hiyo ina pia historia yake ya kujiliwaza, kwamba vijiwimbi ni kasoro za vifaa. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha Albert Michelson, mwanafizikia wa Marekani, ambaye pamoja na Samuel Stratton alieleza mwaka 1898 mashine ya gurudumu na springi iliyoweza kujumlisha vijenzi 80 na kuchora matokeo kwa kalamu. Mwaka huo huo Michelson aliandika katika jarida la Nature akitilia shaka kwamba mfululizo wa mawimbi laini unaweza kweli kuwakilisha mchoro wenye mruko. Mwanahisabati A. E. H. Love alimjibu kwamba amekosea kuelewa maana ya kikomo. Josiah Willard Gibbs aliingia katika mabishano hayo, na barua yake ya kwanza haikuugusa upitilizaji hata kidogo. Ni mwezi Aprili 1899 alipoandika masahihisho akionyesha kwamba mstari wa wima katika mchoro wa kikomo unapaswa kuvuka ncha za mruko, juu na chini, kwa kiwango kinachojulikana. Mwaka 1906 Maxime Bôcher alilipa tukio hilo jina la Gibbs, na jina hilo likadumu.

Hata hivyo jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kuchapishwa tangu 1848, miaka hamsini kabla ya barua ya kwanza ya Gibbs, katika jarida la hisabati la Cambridge na Dublin, na mwandishi wake alikuwa Mwingereza kijana aitwaye Henry Wilbraham, aliyelifikia kwa karatasi na kalamu bila gurudumu wala springi. Tarehe hiyo ina uzito katika hoja hii. Jambo lililothibitishwa kwa karatasi kabla ya mashine kuwapo haliwezi kuwa kosa la mashine, na halitazamiwi kuondolewa na mashine bora zaidi.

3. Wastani haulazwi kitandani

Hoja ya nguvu ndiyo yenye heshima kubwa kuliko zote, na ndiyo yenye madhara makubwa. Ni kweli kwamba kwa wimbi la mraba lililojengwa kwa vijenzi 100, nguvu iliyobaki katika kosa ni kama asilimia 0.2 tu ya nguvu yote, na ukiongeza vijenzi mara kumi nguvu hiyo nayo hupungua mara kumi. Anayenunua nyaya za kusafirisha umeme anaweza kutosheka na hesabu hiyo. Lakini jicho la daktari halisomi wastani wa mraba wa picha. Linatafuta mstari, doa, mpasuko, na hivi ndivyo hasa vitu ambavyo vijiwimbi hufanana navyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka katika kipimo cha MRI, ambacho hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio kupata picha ya ndani ya mwili. Kipimo hicho hakipigi picha moja kwa moja kama kamera. Kinakusanya vijenzi vya Fourier vya picha, mstari kwa mstari, na kwa kuwa mgonjwa hawezi kulala ndani ya mashine siku nzima, ukusanyaji hukatwa baada ya mistari 128, 192, 256 au idadi nyingine iliyopangwa. Kila ukatwaji wa namna hiyo unazaa vijiwimbi kwenye mipaka kati ya tishu zenye mng'ao tofauti. Katika picha za ubavu za ugwe wa mgongo, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya uti, mpaka kati ya ugwe na maji yanayouzunguka upo mbele na nyuma, na upana wa ugwe ni mdogo kiasi kwamba vijiwimbi vya mipaka miwili hukutana katikati na kuchora mstari mrefu mwembamba. Mstari huo hufanana na tundu lenye maji ndani ya ugwe, ugonjwa wa kweli ambao unaweza kumpeleka mtu kwa daktari wa upasuaji. Maandishi ya kitabibu yalionya juu ya jambo hili tangu miaka ya 1980. Vijiwimbi hivyo hivyo vimeonekana kama mipasuko katika gegedu la goti, na katika vipimo vya mtiririko wa damu kwenye moyo huchangia ukingo mweusi katika ukuta wa ndani ambao msomaji asiye mwangalifu ataudhania kuwa sehemu iliyokosa damu.

Hapa ndipo ushauri wa kuongeza vijenzi unapodhihirisha gharama yake. Kuongeza mistari kutoka 128 hadi 256 katika eneo lile lile kunarefusha muda wa kipimo mara mbili, na wakati huohuo uwiano wa ishara na kelele hushuka kwa karibu asilimia 30, kwa kuwa kila pikseli sasa inawakilisha nusu tu ya tishu iliyokuwa ikiiwakilisha. Vijiwimbi vitakuwa vyembamba zaidi na vitakaribia mpaka, jambo ambalo mara nyingi linatosha kumwokoa msomaji wa picha, na mafundi wanaofanya hivyo wanafanya sahihi. Kosa ni kuwaambia kwamba wamekiondoa kitu ambacho wamekisogeza. Aliyeambiwa kwamba kimeondoka hatakitafuta tena, na mtoto asiyeweza kutulia kwa muda ulioongezwa atatikisika na kuharibu picha kwa namna nyingine kabisa.

Ipo pia desturi ya kujaza sifuri, ambapo mistari 128 iliyopimwa huzungushiwa mistari mingine iliyojaa sifuri ili picha itoke na nukta 256 au 512. Picha hiyo huonekana laini na hutajwa kwa idadi yake kubwa ya nukta, lakini hakuna kipimo kipya kilichoongezwa ndani yake. Sifuri hizo ndizo ukatwaji wenyewe ulioandikwa kwa tarakimu, na matokeo yake ni kwamba vijiwimbi, ambavyo awali vilikuwa vimefichika nusu kati ya pikseli kubwa, sasa huchorwa kwa unadhifu zaidi. Kuiita picha kama hiyo picha yenye nukta 512 bila kueleza zilikotoka ni kumnyima msomaji habari anayoihitaji kuliko zote.

4. Kichujio kikatacho wima hakistahili kuitwa bora

Wahandisi hufundishwa mapema kwamba kichujio bora ni kile kinachopitisha masafa yote yaliyo chini ya mpaka fulani na kuyazuia yote yaliyo juu yake, bila mteremko wowote. Vichujio vya kweli kisha huelezwa kuwa majaribio yenye upungufu ya kulifikia lengo hilo. Mpangilio huo wa fikra umegeuza mambo juu chini. Kichujio cha namna hiyo, kikipigwa na pigo moja fupi, hujibu kwa mtikisiko usio na mwanzo wala mwisho, unaoanza kabla ya pigo lenyewe kufika na kuendelea milele baada yake. Hakiwezi kujengwa, na kinapokaribiwa tabia hiyo hukaribiwa pamoja nacho. Ukichukua jibu lake na kulikata ili liweze kutumika, masafa yaliyopaswa kuzuiwa huvuja kwa kiwango kisichopungua zaidi ya desibeli 21 chini ya yale yanayopita, hata kichujio kirefushwe vipi. Desibeli 21 ni asilimia 8.95 ile ile, ikiwa imevaa kipimo cha wahandisi. Mwanafunzi anayerefusha kichujio chake mara kumi na kuona uvujaji umebaki pale pale hana kosa katika programu yake. Amekutana na Wilbraham.

Santuri za CD, ambazo huhifadhi sampuli 44,100 kwa sekunde na hivyo haziwezi kubeba masafa yanayozidi 22,050, zililazimisha vichujio viteremke katika nafasi nyembamba iliyopo juu ya masafa 20,000, na hapo mtikisiko wa kabla na baada ya kila pigo umekuwa chanzo cha mabishano marefu ya wapenzi wa muziki. Katika mabishano hayo upande unaolalamika hutia chumvi, kwa kuwa mtikisiko huo huishi karibu na masafa 22,000, juu ya uwezo wa masikio ya watu wazima walio wengi. Madhara yanayosikika wazi yako kwa jamaa yake wa karibu, ile kelele inayotangulia pigo katika mafaili ya MP3 yaliyobanwa sana, ambako vijenzi hukadiriwa kwa ukali na kosa la makadirio husambaa katika kipande chote cha sauti, pamoja na ukimya uliotangulia mlio wa kastaneti. Waliobuni MP3 hawakulikabili jambo hilo kwa kuongeza vijenzi. Waliruhusu kifaa kuhama kutoka vipande vya vijenzi 576 kwenda vipande vifupi vya vijenzi 192 kila pigo kali linapokaribia, wakikubali kupoteza usahihi wa masafa ili wapate usahihi wa wakati. Hivyo ndivyo wafanyavyo watu wanaojua kwamba bei ipo na kwamba lazima ilipwe mahali fulani.

5. Kulainisha ni kuhamisha gharama

Mwaka 1900 Lipót Fejér, Mhungari aliyekuwa na umri wa miaka ishirini tu, alionyesha kwamba badala ya kuchukua jumla ya mwisho ya vijenzi, ukichukua wastani wa jumla zote zilizotangulia, upitilizaji hutoweka kabisa. Cornelius Lanczos baadaye alipendekeza njia yake ya kupunguza vijenzi vya juu taratibu, na wahandisi wakapata madirisha, yaani mizani inayoshusha vijenzi pole pole kuelekea mpaka badala ya kuvikata, yenye majina ya Hann, Hamming na Kaiser. Ugunduzi huo ni wa kweli. Kinachokaliwa kimya ni mteremko wa ukingo. Dirisha la Hamming hushusha vilele vya pembeni vya wigo wake kutoka desibeli 13 chini ya kilele kikuu hadi takriban 43, na upana wa kilele kikuu huwa mara mbili, maana yake ni kwamba vitu viwili vilivyo karibu, ambavyo awali vilitenganishwa, sasa huungana. Mkeka uliokunjamana, ukikandamizwa upande mmoja, huinuka upande wa pili. Wenye rai inayopingwa huitaja njia ya Fejér wanapoulizwa juu ya vijiwimbi, na hutaja idadi kamili ya vijenzi wanapoulizwa juu ya ukali wa picha, wala hawasemi kwamba majibu hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa wakati mmoja katika picha moja.

Mkanganyiko huo una uzito mkubwa katika utabiri wa hali ya hewa. Kwa miongo kadhaa vituo vikubwa, kikiwamo kituo cha Ulaya cha ECMWF tangu 1983, vimeiwakilisha angahewa ya dunia nzima kwa vijenzi vilivyo ndugu wa vile vya Fourier, vilivyotengenezwa kwa ajili ya uso wa tufe. Milima ya Andes inaposhuka kwa ghafla kuelekea bahari ya Pasifiki, vijenzi vilivyokatwa huchora mabonde na vilima juu ya bahari tambarare, sehemu nyingine zikiwa chini ya usawa wa bahari. Unyevu wa hewa nao, unaobadilika haraka kutoka mahali pakavu hadi palipojaa maji, huweza kupata thamani hasi, kitu ambacho hakipo duniani. Marekebisho yaliyo rahisi ni kuinua kila thamani hasi hadi sifuri, na kila anapofanya hivyo mtabiri huwa ameumba maji ambayo hayakutoka baharini wala mtoni. Maji hayo yasipokopwa kutoka katika maeneo jirani kwa hesabu makini, huingia katika mvua ya tarakimu, na yeyote atakayesoma utabiri wa mvua kandokando ya safu hiyo ya milima atakuwa anasoma kwa sehemu jiometri ya ukatwaji.

6. Kinachorudishwa hurudishwa kwa dhana

Wapo watakaosema kwamba yote haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa katika miaka ya 1990 David Gottlieb na Chi-Wang Shu walionyesha kwamba vijenzi vile vile vilivyokatwa vyaweza kurejesha mchoro kwa usahihi mkubwa hadi kwenye ukingo wenyewe. Walionyesha kweli, na kazi yao ni miongoni mwa kazi nzuri kuliko zote katika somo hili, lakini sharti lake linataka usomaji makini: lazima ijulikane ukingo uko wapi, na lazima mchoro uwe laini kati ya kingo. Habari hiyo haitoki katika vijenzi peke yake. Huongezwa na mtu anayeamini kwamba analijua umbo la kile anachokitafuta. Katika MRI, njia iliyotangazwa mwaka 2016 na Elias Kellner na wenzake huisogeza picha kwa sehemu ndogo ya pikseli hadi vijiwimbi visomwe pale vinapokatiza sifuri, na hufanya kazi vizuri pale mistari yote ilipokusanywa, lakini hulegea pale mashine ilipokusanya sehemu tu ya mistari na kuikadiria iliyobaki, jambo ambalo hufanyika kila siku ili kuokoa muda.

Programu zilizofunzwa kwa mifano mingi huenda mbali zaidi, zikifuta vijiwimbi na kuchora ukingo zinaouona kuwa wa kawaida. Ikiwa ugonjwa wa mgonjwa si wa kawaida, programu hiyo inaweza kuufuta pamoja na kijiwimbi, na daktari hatakuwa na njia ya kujua isipokuwa picha ghafi imehifadhiwa kando ya ile iliyosafishwa. Kwa hiyo kila picha inayopelekwa kwa msomaji inapaswa kubeba idadi ya mistari iliyopimwa kweli, dirisha lililotumika, sifuri zilizojazwa, na jina la programu iliyoigusa baadaye. Na hospitali inayonunua mashine mpya kwa kuambiwa kwamba vijiwimbi vimekwisha inapaswa kumtaka muuzaji aonyeshe ugwe wa mgongo uliopimwa kwa mistari 128, kabla na baada ya usafishaji, pamoja na vijenzi vyenyewe.